Makala ya Mlimani: Historia ya Somo la Msitu na Tabianchi mjini Uvira

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha katika milima ya Mitumba, na mto Mulongwe ukaingia mjini Uvira ukiwa umebeba mawe, magogo na matope. Makumi ya watu walipoteza maisha, nyumba kwa maelfu zilibomoka, na makumi ya maelfu ya wakazi wakabaki bila makao. Msiba huo ulifika wakati ambapo ziwa Tanganyika nalo lilikuwa likipanda, hata mji ukabanwa pande mbili: maji ya mlimani upande wa magharibi, maji ya ziwani upande wa mashariki.

Baada ya maafa ya namna hiyo majibu hupatikana upesi. Jibu la kwanza husema kwamba chanzo ni mabadiliko ya tabianchi, jambo linaloletwa na moshi wa viwanda vya mbali ambavyo mtu wa Uvira hajapata kuviona. Jibu la pili husema kwamba chanzo ni wachoma makala na wakulima wa miteremkoni, walioufyeka msitu mpaka mlima ukabaki uchi. Majibu yote mawili huingia shuleni, na mwalimu hutakiwa achague. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba kila moja la majibu hayo, likifundishwa peke yake, humficha mtu fulani. La kwanza humficha mwenye shoka; la pili humficha mwenye kiwanda. Historia ya ziwa na ya mlima yaweza kuwatoa wote wawili mafichoni, na kwa bahati njema kaskazini mwa ziwa Tanganyika historia hiyo imehifadhiwa vizuri kuliko mahali pengi pa Afrika ya Kati.

Neno na kitu

Inafaa tuanze na maneno, kwa kuwa msomaji wa kurasa hizi ni mtu wa Kiswahili, na kwa kuwa mwalimu wa Uvira huanzia hapo apende asipende. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aonapo neno makala hufikiri juu ya maandishi ya aina hii anayoyasoma sasa. Kwa mkazi wa Uvira, Bukavu au Lubumbashi, makala ni yale meusi yauzwayo kwa magunia, ambayo watu wa mwambao huyaita makaa. Ndiyo sababu katika kurasa hizi nitasema insha kila nitakapotaja maandishi, na makala nitawaachia wenyewe.

Neno pori lina taabu kubwa zaidi. Katika Kiswahili sanifu pori ni mahali pasipolimwa wala kukaliwa na watu. Katika Kiswahili cha Kivu neno hilo hilo ndilo la kawaida kwa msitu wowote: ule wa miti mirefu ya Itombwe pamoja na kichaka kilichoota juu ya shamba lililoachwa mwaka juzi. Hii si tofauti ya kuwafurahisha wanaisimu tu. Mwalimu akisema kwamba pori linakwisha, mwanafunzi atokaye katika tambarare ya Ruzizi aweza kutazama vichaka vya kwao na kuona kwamba mwalimu amekosea, maana kila mvua ikinyesha vichaka hurudi. Msitu wa mlimani haurudi hivyo. Mti uliochukua miaka mia mbili kukua hauwezi kulipwa kwa vichaka vya misimu miwili, na mwanafunzi hawezi kuiona hasara hiyo mpaka lugha ya darasani itenganishe kitu na kitu.

Kisha kuna tabianchi. Neno hili limeundwa kwa tabia na nchi, na katika vitabu vya jiografia vya zamani liliandikwa mbalimbali, tabia ya nchi. Mimi naliona ni neno zuri, kwa kuwa linabeba wazo la mwenendo wa muda mrefu: mtu hahukumiwi tabia yake kwa kosa la siku moja, wala nchi haihukumiwi kwa mvua ya usiku mmoja. Hali ya hewa ni ya leo. Tabianchi ni ya miaka thelathini na zaidi. Lakini neno lina hatari yake vilevile, kwa sababu nchi masikioni mwa kijana wa Kongo ni dola pia, na tabia ya dola imembadilikia mara nyingi tangu alipozaliwa.

Ni rahisi, basi, kwa mwalimu kukimbilia Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 imezipa lugha hizo nafasi katika kufundisha. Hata hivyo katika shule za sekondari Kifaransa ndicho kinachotawala. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hujifunza sababu za mambo kwa lugha moja, na mambo yenyewe, yaani mvua, mlima, kuni na ndakala wa ziwani, anayajua kwa Kiswahili, Kivira, Kifuliiru, Kibembe au Kirundi.

Ziwa lililopanda kabla ya viwanda

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi Aprili 1858. Hawakuwa wageni wa kwanza. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wamekwisha kuifanya Uvira kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini, na kwa maelezo ya Burton mwenyewe palikuwa na biashara ya watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Tuziangalie bidhaa hizo mbili za mwisho. Nguo za magome zilitoka mitini, na chuma hakifuliwi bila makala. Yaani uchomaji wa makala katika milima hii haukuanza na wakimbizi wa juzi, wala na Wabelgiji, ingawa kiasi kilichotumika wakati huo hakiwezi kulinganishwa na mahitaji ya mji wa leo wenye mamia ya maelfu ya watu.

Burton na Speke walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili, na walitaka sana kusikia kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Wana wa mtawala wa Uvira, aliyeitwa Maruta, waliwaambia kwamba mto huo unaingia ziwani. Wenyeji walikuwa wakisema kweli. Lakini mwaka 1864 Burton aliandika kuutetea uwezekano kwamba Ruzizi unatoka, na ikabidi Stanley na Livingstone wapige makasia kutoka Ujiji mwezi Novemba 1871 ili waone kwa macho yao jambo ambalo watu wa Uvira walikuwa wamelieleza miaka kumi na mitatu nyuma. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinamfaa mwalimu. Mwanafunzi wa Uvira akiambiwa kwamba elimu ya mazingira imetoka ng'ambo, anapaswa kujua pia kwamba katika swali la kwanza kubwa la kijiografia lililoulizwa kwao, wazee wake ndio waliokuwa na jibu sahihi.

Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona jambo la ajabu. Michikichi aliyoiacha sokoni mwaka 1871 ilikuwa imesimama majini. Ziwa lilikuwa limepanda na kuila nchi kavu. Sababu zilikuwa mbili kwa pamoja. Mvua za miaka ya 1870 zilikuwa nyingi, na mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea mto Kongo, ulikuwa umezibwa na mchanga, matope na matete. Mwaka 1878 maji yalifikia kiasi cha mita 783 juu ya usawa wa bahari, yakaivunja ile ziba, na Lukuga ukafunguka. Wasafiri waliopita hapo mwaka 1879, Joseph Thomson na mmisionari Edward Coode Hore, waliukuta mto ukienda kwa nguvu. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa karibu mita kumi. Inafurahisha kukumbuka kwamba mwaka 1896, wakati ufuo mpya wa Uvira ulipokuwa ukikauka, msomi wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius alitoa hesabu yake ya kwanza ya jinsi hewa ya ukaa inavyoweza kuongeza joto la dunia. Hapana uhusiano kati ya mambo haya mawili, na hilo ndilo ninalotaka lionekane: ziwa liliweza kupanda na kushuka kwa mita kumi kabla moshi wa viwanda haujawa kitu cha kuhesabiwa.

Katika karne ya ishirini lilipanda tena. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilikuwa za kupindukia katika Afrika ya Mashariki yote, zikisababishwa na joto lisilo la kawaida katika sehemu ya magharibi ya bahari ya Hindi, na kufikia 1964 ziwa Tanganyika lilikaribia mita 777. Hali ya baharini ya namna hiyo ilirudi mwaka 1997, na tena mwaka 2019, ikaleta mvua ambazo zililipandisha ziwa mpaka likakaribia tena kilele cha 1964, likazifunika nyumba za ufuoni na kuisumbua bandari ya Kalundu. Mwaka 1964 ndio huo huo ambao waasi waliuteka mji wa Uvira. Mwanafunzi atakayekwenda kuwauliza wazee habari za maji na ajiandae kusikia habari za vita, na asidhani kwamba wazee wametoka nje ya swali.

Kwa hiyo kupanda kwa ziwa peke yake si ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu asiyesema hivyo humwachia mwanafunzi silaha mbaya, kwani siku atakapokutana na mtu wa kumwonyesha kumbukumbu za 1878 ataona amedanganywa katika yote.

Chavua za Kashiru

Je, ushahidi wa kwamba tabianchi huihamisha misitu uko wapi? Uko karibu sana. Ng'ambo ya bonde la Ruzizi, katika nyanda za juu za Burundi, kuna kinamasi kiitwacho Kashiru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Mimea iliyooza humo imelundikana tabaka juu ya tabaka kwa miaka ipatayo 40,000, na ndani ya kila tabaka zimo chavua za miti na majani yaliyokuwa yakiota pale wakati huo. Kila aina ya mmea ina chavua yenye umbo lake, na umbo hilo halipotei. Mtaalamu wa Kifaransa Raymonde Bonnefille na wenzake waliyasoma matabaka hayo, na mwaka 1990 walitangaza kwamba katika kipindi cha baridi kuu kilichokwisha yapata miaka 15,000 iliyopita, joto la nyanda hizo lilikuwa chini ya la sasa kwa nyuzi 4 hivi za Sentigredi, na mvua ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja. Msitu ulikuwa umerudi nyuma na nafasi yake kushikwa na nyasi na vichaka vya mahali pa baridi. Joto liliporudi, msitu nao ulirudi.

Hesabu inayofuata yaweza kufanywa ubaoni na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Mtu akipanda mlima, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 kila mita 100. Nyuzi 4 ni sawa na kuhama kwa mita zaidi ya 650. Yaani mti uliozoea kuota kwenye mwinuko wa mita 2,400 ulipaswa kutafuta makao yake mita mia sita na zaidi chini ya hapo. Sasa tuigeuze hesabu. Dunia imekwisha kupata joto la zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya kumi na tisa. Nyuzi moja ni mita 160 hivi za kupanda. Uvira iko kwenye mita 775 au zaidi kidogo. Vilele vya Itombwe nyuma yake hukaribia mita 3,500. Mlima ni kama nyumba ya ghorofa: mpangaji wa chini anaweza kuhamia juu, lakini mpangaji wa ghorofa ya mwisho akisukumwa hana pa kwenda isipokuwa angani.

Mfano wa mpangaji wa aina hiyo ni bundi wa Itombwe. Ndege huyu alipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1951, na kitaalamu amepewa jina la Alexandre Prigogine, mhandisi wa migodi aliyetumia muda wake wa ziada kukusanya ndege wa Itombwe na akawa bingwa wao. Miaka arobaini na mitano ilipita kabla mwingine hajakamatwa akiwa hai na watafiti, mwaka 1996. Najua bundi si ndege wa kupendwa katika utamaduni wetu, na mwalimu atakayemtumia kuamsha huruma darasani atapata kicheko kwanza. Hata hivyo kicheko ni mwanzo mzuri wa somo kuliko usingizi.

Kuna tofauti moja kati ya kuhama kwa kale na kwa sasa, na kwangu hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Zamani msitu ulipohitaji kupanda au kushuka, ulipewa maelfu ya miaka na ulikuta njia wazi. Leo umepewa karne moja, na unapotaka kupanda huikuta njia imefungwa na shamba, malisho, machimbo au tanuri la makala. Moshi wa mbali unausukuma msitu. Shoka la karibu limeuzibia njia. Mtu akiuliza ni lipi kati ya hayo mawili linaloua, ni sawa na kuuliza kama aliyebanwa mlangoni ameumizwa na mlango au na kizingiti.

Somo lililoamriwa

Watu wa Uvira hawakuanza kufundishwa habari za kutunza msitu jana. Walifundishwa kwa amri. Agizo la kikoloni la tarehe 5 Desemba 1933 liliwapa watawala uwezo wa kudai siku 60 za kazi kwa mwaka, ikiwa ni pamoja na kilimo cha lazima kilichoitwa cha kuelimisha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo ziliongezwa zikawa 120. Katika tambarare ya Ruzizi zao lililodaiwa lilikuwa pamba, na shirika la utafiti wa kilimo la kikoloni, INEAC, likawa na kituo chake Lubarika. Katika milima ya Kivu wakulima waliamriwa kuchimba makingamaji na kupanda miti dhidi ya mmomonyoko. Kitaalamu kazi nyingine kati ya hizo zilikuwa na maana. Lakini kitu kinachofundishwa pamoja na faini na kodi hukumbukwa pamoja na faini na kodi, na baada ya uhuru hapakuwa na mtu wa kuyalilia makingamaji. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilileta salongo, kazi ya umma ya lazima, na ladha yake haikuwa tofauti sana.

Mti uliopendwa zaidi katika mafunzo hayo ulikuwa mkalitusi. Hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na mwenye shamba hawezi kuudharau. Kosa lilikuwa kuufanya jibu la kila swali. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kimeimbishwa kwamba tupande miti, kana kwamba safu ya mikalitusi na msitu wa Itombwe ni kitu kimoja kilichotofautiana umri tu. Safu ya mikalitusi haimhifadhi bundi, wala mianzi, wala ile mizizi mingi inayoyashika maji mteremkoni na kuyaachia kidogo kidogo.

Pembeni mwa amri hizo kulikuwa na elimu ya namna nyingine. Mwaka 1947 Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, yenye makao yake Lwiro karibu na Bukavu, na kituo chake cha Uvira kikajishughulisha na maji na viumbe vya ziwa. Kituo hicho ndicho asili ya Kituo cha Utafiti wa Elimu ya Maji, CRH, ambacho kimeendelea kufanya kazi mjini humo kupitia vita na ukosefu wa fedha. Vipimo vyake ni hazina. Lakini viliandikwa kwa Kifaransa, baadaye na kwa Kiingereza, vikasomwa Brussels na kwingineko, huku shule zilizo mwendo wa dakika chache kutoka lango lake zikifundisha msitu kwa picha za vitabu vya mbali. Hii si lawama kwa watafiti. Ni lawama kwa sisi wa lugha, ambao tulipaswa kuwa wapagazi wa njia hiyo fupi.

Kuni za vita

Sehemu hii ni fupi kwa sababu wasomaji wengi wanaijua. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda na Burundi walikaa katika kambi za Uvira na tambarare ya Ruzizi, na kila familia ilihitaji moto wa kupikia kwa muda wa miaka miwili mpaka vita vilipozitawanya kambi hizo mwezi Oktoba 1996. Baada ya hapo vita vimekuja kwa mawimbi, na kila wimbi limewasukuma watu kutoka nyanda za juu na kutoka Fizi kuja mjini. Mtu aliyepoteza ng'ombe na shamba, na ambaye hana mtaji wala cheti, ana biashara moja isiyomdai kitu ila nguvu zake: makala. Mitambo ya umeme iliwekwa kwenye mto Ruzizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwingine ukaongezwa mwaka 1989. Lakini chungu cha maharagwe hakipikwi kwa umeme unaokuja na kwenda.

Uchunguzi wa picha za setilaiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika bonde zima la Kongo, kati ya 2000 na 2014, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la msitu lililoharibiwa liliharibiwa na kilimo kidogo cha mikono, si na makampuni makubwa. Takwimu hii ni kweli na yafaa ifundishwe. Yafaa pia ifundishwe kwamba mchango wa Kongo katika hewa ya ukaa itokayo kwenye viwanda na magari ya dunia ni mdogo mno kiasi cha kutoonekana. Mkulima wa mteremkoni ana hatia ya mteremko wake. Hana hatia ya joto la bahari ya Hindi.

Kipimajoto cha Stappers

Kila mlaji wa samaki Uvira anamjua mkeke, au mukeke kama atamkwavyo huko. Jina lake la kitaalamu limehifadhi kumbukumbu ya Louis Stappers, Mbelgiji aliyelichunguza ziwa kati ya 1911 na 1913 na kushusha kipimajoto chake vilindini. Vipimo hivyo vilikuja kuwa na thamani ambayo yeye mwenyewe hangeweza kuitabiri. Mwaka 2003 Piet Verburg na wenzake, walipovilinganisha na vya wakati wao, waligundua kwamba maji ya ziwa yamepata joto, na kwamba tofauti ya uzito kati ya maji ya juu na ya chini imeongezeka. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 hutegemea upepo wa kiangazi kuyachanganya maji yake ili rutuba ya chini ipande juu. Maji ya juu yakiwa mepesi mno, upepo hushindwa. Mwaka huo huo kundi la Catherine O'Reilly lilikadiria, kwa kuyasoma mashapo ya chini ya ziwa, kwamba uzalishaji wa chakula cha viumbe vya majini ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo laweza kuwa na maana ya upungufu wa asilimia 30 ya samaki.

Huu ndio ushahidi wa joto, na hautegemei mafuriko ya mwaka wowote. Lakini ziwa hilo hilo lina ushahidi wa shoka pia. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba pale ambapo miteremko imefyekwa na matope kushuka ziwani, aina za viumbe wa ufuoni ni chache kuliko pale ambapo msitu bado umesimama. Hapa mwalimu amepewa zawadi adimu. Matope huwadhuru viumbe wa miambani, karibu na nchi kavu. Joto huwapunguzia chakula ndakala na mikeke wa maji ya katikati. Sababu mbili, mahali pawili, na mwanafunzi aweza kuzitenga kwa kujua tu kila samaki anavuliwa wapi. Ni kweli kwamba nyavu nazo zimezidi na matundu yamekuwa madogo, na mvuvi mkweli atakuwa wa kwanza kusema hivyo.

Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Kiswahili kinasikika katika fuo zote nne. Kitabu kimoja cha shule cha Kiswahili kuhusu ziwa na misitu yake kingeweza kusomwa Uvira, Kigoma, Rumonge na Mpulungu, kwa kuongezwa faharasa ya maneno kama makala, pori na ndakala mwishoni.

Darasani

Mpaka kitabu hicho kipatikane, mji wenyewe unatosha. Mwalimu na achukue ramani yenye mistari ya mwinuko, na wanafunzi wachore mstari wa mita 783. Kila kilicho chini ya mstari huo kilikuwa majini mwaka 1878, na watoto wengi wataona kwamba godoro lao limetandikwa juu ya ziwa la babu wa babu zao. Kisha na wapande ukingo wa Mulongwe mahali ulipokatwa na maji, wakiwa salama, wakati wa kiangazi. Mito ya Uvira ni mifupi na mikali. Hushuka kutoka milimani hadi ziwani katika kilomita chache, na ardhi ambayo mji umejengwa juu yake ni mawe na mchanga uliomwagwa na mito hiyo yenyewe. Ukingoni wataona mawe ya 2020 yamekaa juu ya mawe mengine makubwa vilevile, na chini ya hayo mengine tena, yaliyoshuka wakati mlima ulipokuwa bado na msitu wake.

Hapo ndipo maswali yaanze. Mawe ya chini yaliletwa na nini, ikiwa msitu ulikuwapo? Je, yalikuja mara moja katika miaka mia, au mara kumi? Nani aliwaruhusu watu kujenga katika mkondo, na walikuwa wametoka wapi kabla ya kujenga hapo? Na wakirudi nyumbani jioni, kila mmoja amuulize mzee wa karibu, kwa lugha ya mzee huyo, mlima uliitwaje kabla haujaitwa mlima tu, na miti gani ilikuwa juu yake, na majina hayo yaandikwe daftarini kama yalivyotamkwa.